Joho la mawe pacha: shajara ya shindano la opali

Februari, juma la kwanza

Fomu imejazwa, ada imelipwa. Shindano ni la usanifu wa opali, kito kinachocheza rangi nyingi, na sisi tumeingia kundi la vito na mavazi, siyo lile la pete na mikufu. Inatakiwa kazi moja yenye kito na nguo, ivaliwe na mtu atembee nayo mbele ya waamuzi. Watakaoteuliwa wataonyesha kazi zao Lightning Ridge, mji mdogo wa wachimbaji kaskazini mwa New South Wales, Australia, mwishoni mwa Julai, mji unapokuwa na tamasha lake la opali.

Mimi ni sonara, wifi yangu fundi cherehani, na sote tunaishi Brisbane. Madini na jiwe juu yangu, kitambaa na sindano juu yake. Kaka yangu, mumewe wifi, amepangiwa kulipa bili ya umeme na kukaa kimya.

Masharti ni machache. Opali iwe ya Australia, ya asili, tena jiwe zima. Yale ya kugandishwa hayapokelewi: ya tabaka mbili, ambapo ngozi nyembamba ya opali hubandikwa juu ya mgongo mweusi ili rangi itokeze, wala ya tabaka tatu, ambayo huongezewa kioo juu. Hatua ya kwanza ni michoro na maelezo. Wakiipitisha ndipo wanataka kazi yenyewe.

Februari, mwishoni

Jiwe kwanza. Wapo wasanifu wanaochora kisha wakatafuta jiwe la kuingia kwenye mchoro. Kwa almasi inawezekana, kwa sababu hukatwa kwa vipimo vinavyojulikana, na ikipotea moja utapata ya kufanana nayo. Opali haina mwenzake dukani. Ukichora kwanza utaishia kulikata jiwe zuri ili litii karatasi, na kila gramu unayoisaga ni rangi inayokwenda na maji.

Rafiki aliyeko Nairobi alijitolea kututafutia opali ya Ethiopia, ile ya Wollo iliyoanza kutoka kwa wingi mwaka 2008. Ni opali nzuri mno, na bei yake ni ya kuongea. Masharti yanaikataa, lakini hata yasingeikataa nisingeitia kwenye nguo ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Opali ya Wollo hunywa. Itie kwenye maji na nyingi huwa angavu, rangi zikafifia mpaka ikauke. Ikinywa maji tu si tatizo, itakauka. Ikinywa mafuta ndiyo basi. Sasa fikiria vazi la kwetu: litafukizwa udi kabla ya kuvaliwa, mvaaji atajipaka marashi ya mafuta shingoni na kifuani, kisha akumbatiwe na watu nao wamejipaka. Ndani ya msimu mmoja wa harusi jiwe lile litakuwa limegeuka manjano. Opali ngumu za Australia, zilizojijenga kwenye miamba ya mashapo, kwa kawaida hazina tabia hiyo.

Nyeusi ya Lightning Ridge ndiyo bibi harusi wa opali zote. Weusi wake hupimwa kwa ngazi, N1 ikiwa nyeusi kabisa na N9 nyeupe, na ukifika N4 kushuka N1 bei inaacha kuwa ya mafundi kama sisi. Nilishika moja kwenye maonyesho ya vito, nikairudisha haraka kabla sijaizoea.

Kwa hiyo tunageukia jimbo letu la Queensland, kwenye opali ya mwamba. Huko opali hujaza nyufa za mawe ya kahawia yenye chuma, na mkataji huiacha imeshikamana na mwamba wake, ambao unakuwa ndio mgongo. Rangi inatokeza kwa sababu nyuma yake kuna giza la asili, na jiwe haliwi dhaifu hata kama opali yenyewe ni nyembamba kama kadi.

Machi, Jumamosi ya soko

Tumelipata.

Muuzaji ni mchimbaji wa upande wa Quilpie, anayeleta mawe mjini ndani ya makasha ya mayai kwenye buti ya gari. Nilikuwa nimeshachagua matatu, wifi akawa amechoka na kusimama juani, yule mzee akatoa kitambaa na kukifungua. Ndani mna vipande viwili. Akavifumbata pamoja likawa jiwe moja la kahawia lisilo na chochote cha kutazama. Akaviachia, na ndani kila kipande kina uso wa opali, kijani na chungwa, na mshipa mwekundu ukikatiza kwa chini. Mshipa ule ule uko pande zote mbili, huu ukielekea kulia na huu kushoto.

Wachimbaji hupata pacha hizi mara kwa mara. Nyundo ikipiga mahali pake, jiwe hupasuka kwa kufuata ufa ambamo opali iliganda, na kila nusu inabaki na sehemu yake ya rangi. Mara nyingi upande mmoja huwa hafifu na mwingine ndio mali. Hizi mbili zinakaribiana sana.

Wifi hakuuliza bei. Aliuliza: "Wifi, zikivaliwa mbalimbali, mtu atajua ni jiwe moja?" Hapo ndipo mradi ulipozaliwa, nami nikajua kwamba mzee naye amesikia, na punguzo limeshakufa.

Siku mbili baadaye

Nimezikagua taratibu. Kuna kitu kilichonikera mwanzo na sasa ndicho ninachokitaka.

Ndani ya opali mna vijiduara vya silika, vidogo kiasi cha nanomita 150 hadi 300, vilivyojipanga safu kwa safu. Nuru ikipita katikati yake hugawanyika rangi. Vijiduara vikubwa vinaweza kutoa mpaka nyekundu, vidogo vinaishia bluu. Wanasayansi wa Australia walilionyesha hilo kwa hadubini ya elektroni mwaka 1964, na mpaka leo nikiinamisha jiwe mkononi nafikiria zile safu. Kwa kuwa rangi inategemea mpangilio, inategemea pia pembe. Geuza jiwe kidogo, nyekundu inasogea kijani. Geuza zaidi, inazimika.

Nikiziweka nusu zetu kifuani pa sanamu ya fundi, kulia na kushoto, taa ikiwa upande mmoja, nusu moja inawaka na nyingine inalala. Nikiizungusha sanamu, iliyolala inaamka na ya kwanza inalala. Ziligeuziana uso, kwa hiyo safu zake nazo zimegeuziana.

Kwa mkufu wa kuwekwa ndani ya sanduku la kioo hiyo ni hasara, maana mwamuzi ataona jiwe moja na nusu. Kwa nguo inayotembea ni kinyume chake. Mvaaji akipiga hatua na mabega yakasogea, rangi itahama upande mmoja wa kifua hadi mwingine. Jiwe linalopendeza mkononi si lazima lipendeze mwilini. Wengi wanaochanganya vito na mavazi husahau kwamba mwili hauketi, wanashona tu mkufu kwenye gauni na kuliita vazi.

Machi, katikati

Vazi: joho.

Wifi ndiye aliyelitaja. Nyumbani joho ni la bwana harusi na watu wa heshima. Linavaliwa juu ya kanzu, kingo zake zimetariziwa kasabu, na kiunoni kuna jambia. Sisi tunataka la kike, la sufu nyembamba ya kahawia iliyokoza, rangi ya ule mwamba, na kasabu ikishuka kwenye kingo mbili za mbele. Kila ukingo, usawa wa kifua, unabeba kishikizo chenye nusu moja ya jiwe. Zikikutana, joho limefungwa.

Nilimpigia ami Mombasa, aliyenifundisha kazi, nikamweleza. Akanyamaza, kisha:

"Joho halifungwi, mwanangu."

"Najua, ami."

"Joho linaachiwa. Likifungwa ni koti."

Ana haki. Ukilitazama joho likivaliwa sawasawa, uzuri wake wote uko katika ule uwazi wa mbele, kasabu mbili zikishuka sambamba na kanzu nyeupe ikionekana katikati. Tulibishana wiki nzima, mimi na wifi, kama tuache vishikizo vibaki pambo tu visishike chochote. Wifi hakukubali. Anasema kitu kikishonwa kwenye nguo bila kazi, jicho la fundi linakijua hata kwa mbali.

Tulichokubaliana: joho linavaliwa wazi. Mvaaji anaingia likiwa wazi, mawe yametengana. Anafika mbele ya waamuzi, analifunga kwa mkono mmoja, mshipa mwekundu unaungana. Anageuka, analifungua, anaondoka. Kufunga ni tendo la sekunde chache. Ami nilipomwambia alicheka, akasema hilo analiweza kulivumilia.

Jambo jingine tulilolikataa mapema ni nakshi za milango ya Lamu. Nazipenda kama mtu yeyote, lakini kila kazi ya pwani inayopelekwa ughaibuni huzibeba, kwenye mikoba, kwenye vikombe, hata kwenye kava za simu. Upande wa pili tumekataa kangaruu na bumarengi. Jiwe lina mchoro wake mwenyewe.

Aprili, michoro

Kuchora opali ni kazi ya adhabu. Kwenye karatasi nyeupe haichoreki, inatoka kama zulia la watoto. Nimechora kwenye karatasi ya kijivu iliyokoza kwa rangi nzito za maji: kwanza kahawia ya mwamba, juu yake bluu ya kina ikauke, kisha kijani kwa vipande visivyofanana ukubwa, kisha nukta za chungwa, na mwisho kabisa nyekundu, kidogo, kwa ncha ya brashi iliyokaribia kukauka. Ukianza na nyekundu umekwisha. Inapenya chini ya kila kitu na jiwe linaonekana kidonda.

Tumepeleka mabamba matatu ya michoro: joho likiwa wazi, joho limefungwa, na kishikizo kwa ukubwa wake halisi kikionekana mbele, ubavuni na nyuma. La tatu ndilo lililonichukua muda zaidi, maana waamuzi wa vito huangalia nyuma ya kazi kabla ya mbele.

Mei, juma la kwanza

Tumeteuliwa. Barua ina mistari minne. Kaka amevunja ukimya wake.

Mei, kazi ya jiwe

Nyuso za pacha hazikuwa bapa. Zina mawimbi, na opali juu ya mawimbi hayo haizidi milimita moja na nusu, mahali pengine haifiki moja. Ukiiweka kwenye gurudumu kubwa kutafuta usawa utaitoboa vilimani na kuacha mabonde yakiwa na vumbi. Nikatumia magurudumu madogo ya almasi, yale ya ukubwa wa punje ya mtama na ya ukubwa wa dengu, maji yakidondoka muda wote, nikifuata mawimbi yalivyo. Maji ni ya lazima. Opali ni silika yenye maji ndani yake, na haipendi joto la ghafla. Kwa sababu hiyo hiyo sikutumia nta ya moto kugandisha jiwe kwenye kijiti, nikatumia gundi ya baridi na kusubiri mpaka kesho yake.

Baada ya almasi, msasa wa maji kwa daraja, kila daraja likifuta mikwaruzo ya lililotangulia. Hapa ndipo subira inapolipa. Ukiruka daraja moja, mkwaruzo utauona mwisho kabisa, kwenye mng'aro, na itabidi urudi nyuma karibu mpaka mwanzo. Mwisho ni unga wa oksidi ya seriamu kwenye ncha laini ya sufu iliyolowa. Dakika chache tu, na uso uliokuwa na ukungu unafunguka, rangi zinasimama.

Kwenye nusu ya kushoto kuna kidoa cha mwamba kilichopenya katikati ya kijani, umbo la mbegu ya papai. Mkataji mwingine angelifupisha jiwe kukiondoa. Nimekiacha. Na nusu ya kulia mahali hapo hapo ina shimo dogo, tundu kilimotoka. Mwamuzi akiona hilo hatahitaji kuelezwa kwamba ni jiwe moja.

Mei, mwishoni: sufu na fedha

Nilipanga mwili wa vishikizo uwe wa fedha ya 925, na ukuta unaolishika jiwe uwe wa dhahabu ya karati 22. Dhahabu laini kwenye ukuta ni ya faida, kwa sababu inakubali kusukumwa kwa nguvu ndogo, na opali haitaki nguvu. Ugumu wake ni kati ya 5.5 na 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, chini ya chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi la kawaida la nyumba.

Tatizo likatokea kwingine. Sufu ina salfa, na fedha ikikaa karibu na sufu hupiga weusi haraka. Makumbusho huziweka mbali kwa sababu hiyo. Sisi tunataka kuzilaza pamoja, nyuma ya kishikizo ikigusa kitambaa miaka nenda miaka rudi. Kutumia dhahabu tupu kungemaliza tatizo, na pesa yetu pia. Tumekubaliana mambo mawili: mwili wa fedha uchovywe dhahabu kote, na chini ya kila kishikizo wifi aweke kipande cha hariri kitakachokitenga na sufu. Kuchovya kunafanyika kabla jiwe halijaingia, maana dawa za kuchovya si za kuoga opali.

Juni

Kulehemu kote kumekwisha kabla jiwe halijasogea karibu na meza. Ni kanuni ya kwanza ya kazi hii, na ndiyo inayofanya ukarabati wa vito vya opali uwe ghali: ili uguse chochote kwa moto, lazima kwanza ulitoe jiwe.

Kuta nimezikunja kwa mkono, utepe wa milimita 0.4, kufuata umbo la kila nusu. Upande mmoja wa jiwe umenyooka kiasi, ule wa bawaba, ambapo nusu hizo zilikuwa zikifunguka kama kitabu. Pande hizo ndizo zinazokutana kifuani. Nimeuinua ukuta kidogo pale ili dhahabu igongane na dhahabu, mawe yasigusane. Nafasi inayobaki kati yake haizidi milimita mbili, na kwa hatua tatu haionekani.

Mgongo wa mwamba nao hauko sawa. Ukiulaza juu ya bamba la fedha utaegemea vinundu viwili au vitatu, na siku ukuta unaposukumwa, nguvu zote zitakwenda kwenye vinundu hivyo. Hapo ndipo mawe yanapovunjika, sonara akilaumu nyundo. Nimeusawazisha kwa gurudumu, nikautandikia kitanda chembamba cha gundi iliyochanganywa na unga wa ule ule mwamba, jiwe likakaa kwa tumbo lake lote. Kisha nikaanza kusukuma ukuta, kwanza juu, halafu chini, kulia, kushoto, nikizunguka, kamwe sikumaliza upande mmoja peke yake.

Kufungia: nyuma ya kila kishikizo zimo skrubu mbili ndogo. Zinapita kwenye vitundu vya joho na kukazwa kwa ndani kwa bamba na nati. Wifi hakutaka kusikia habari ya kushonea moja kwa moja. Joho la sufu litapelekwa kwa dobi, litapigwa mvuke, litafukizwa udi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofaa opali. Vishikizo vinatoka kwanza, ndipo nguo inakwenda inakokwenda. Vitundu amevidarizi kingo kwa kasabu, vidogo kama macho ya dagaa, na kwa kweli ni kazi nzuri kuliko yangu. Visipokuwa na vishikizo bado vinaonekana ni sehemu ya urembo.

Ndoano inayoshika upande kwa upande iko chini, haionekani. Niliifanya kwanza ya kubonyeza kwa vidole viwili. Dada wa jirani aliyejitolea kuvaa akajaribu mbele ya kioo, akainamisha kichwa kutafuta mahali pa kubonyeza. Mtu akiinamisha kichwa, tendo limekufa. Sasa ni ndoano ya kuteleza: unaleta ukingo wa kulia juu ya kushoto, unashusha, imeshika. Anafanya akiangalia mbele.

Juni, majaribio ya taa

Tumelijaribu joho sebuleni, uani, na kwenye ukumbi wa shule ulio mtaani, tuliokopeshwa jioni moja.

Uani saa nne asubuhi, jua limesimama: rangi zote, mpaka majirani wakauliza. Uani siku ya mawingu: bluu na kijani, nyekundu haba. Nuru ya mawingu inatoka kila upande, haina pembe, na opali inataka pembe. Ukumbini chini ya mirija mirefu ya taa nyeupe: karibu hakuna kitu. Nilimwona wifi anavyokunja uso. Tukazima ile mirija, tukawasha taa moja ya kumulika kutoka juu kushoto, na mawe yakarudi yote.

Hatuwezi kuwapangia waandaaji taa. Tunachoweza ni kupanga mwendo. Tumemfundisha dada asisimame akikabili meza ya waamuzi moja kwa moja, asimame kwa ubavu kidogo, afunge joho, kisha ageuke taratibu hadi awakabili. Katika mgeuko ule angalau nusu moja itakutana na taa, popote taa ilipo.

Uzito nao ulisumbua. Mwamba una chuma, na vishikizo viwili vilianza kuvuta sufu mbele mpaka kola ikateleza mabegani. Wifi alitia kanvasi nyembamba kati ya sufu na bitana ya hariri, kutoka begani mpaka chini kidogo ya kishikizo, uzito ukabebwa na bega badala ya kifua. Kisha akatia uzito mdogo wa madini ya risasi kwenye pindo la nyuma, kuweka mizani. Joho sasa linaanguka lilivyokuwa linaanguka kabla ya mawe.

Julai, kufunga mzigo

Vishikizo vinasafiri mkononi mwangu, joho kwenye begi la nguo, halikunjwi. Nimetengeneza hati ya mawe: yametoka wapi, ni asili, hayakutiwa dawa, mkataji ni nani. Kadi ya matunzo nayo imo, fupi: hakuna mvuke, hakuna mashine ya kusafishia kwa mtetemo, futa kwa kitambaa laini chenye unyevu. Watu humwambia mwenye opali aihifadhi kwenye maji au aipake mafuta. Mawe haya hayahitaji lolote kati ya hayo, yanahitaji tu yasigongwe wala yasichomwe.

Lightning Ridge, mwishoni mwa Julai

Safari ya gari ni ya siku nzima, na saa za mwisho ni tambarare na barabara. Mji wenyewe umezungukwa na vichuguu vya udongo mweupe uliotolewa mashimoni, na njia za kwenda machimboni zina milango ya magari ya zamani iliyopakwa rangi kama alama. Kila eneo la kuchimba ni mita 50 kwa 50. Mkahawani, mzee aliyekaa meza ya pili alitoa kopo la filamu mfukoni na kumwagia mwenzake opali juu ya gazeti, akaendelea kula mayai.

Ukumbi ulikuwa na taa za kumulika kutoka pande mbili. Bahati yetu. Dada aliingia joho likiwa wazi, na nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliona nusu ya kushoto ikiwaka peke yake, kisha ya kulia, kisha zote mbili alipopita katikati ya taa. Alipofunga, mwamuzi mmoja aliinuka kitini akaegemea meza. Baadaye walikuja nyuma ya jukwaa, wakaomba vishikizo vitolewe. Walitazama mgongo kwa lenzi kwa muda mrefu kuliko mbele, wakaniuliza juu ya hariri. Nikawaeleza habari ya salfa. Yule aliyeinuka aliweka ncha ya kidole kwenye tundu dogo la nusu ya kulia, akacheka.

Tuzo ya kundi letu ilikwenda kwa vazi jingine, la mabega yaliyojaa opali nyeupe za Coober Pedy zilizoshonewa kama magamba, kila moja ikiwa na kikombe chake cha fedha. Lilistahili. Ningependa kujua mshonaji alilifanyaje jepesi namna ile. Sisi tumepewa cheti cha kutajwa, na maneno mafupi ya waamuzi: wamependa kwamba kishikizo kina kazi. Wifi ameyasoma kwa sauti mara kadhaa, akiniangalia.

Jioni alikuja mama mmoja aliyekuwa ukumbini, mwenye duka la vito mji mwingine. Alitaka vishikizo. Joho hakulitaka, alisema hana pa kulivaa, angevigeuza mkufu. Bei aliyotaja ingelipa gharama zetu zote na kubakiza. Nikamtazama wifi. Yeye alikuwa amekwisha toa utepe wa kupimia mkobani, anamwomba yule mama anyooshe mikono, ili ajue mabega yake ni mapana kiasi gani.